Kuomba Chuo Kikuu kwa Mara ya Kwanza: Maswali Ninayoulizwa Kila Mwaka Unguja na Pemba

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi wa Julai, simu yangu haipumziki. Nasomesha sekondari Chake Chake, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikaa na vijana mbele ya kompyuta wakati wa kuomba vyuo. Nimeona wachache waliokosa nafasi kwa sababu ya alama. Waliokosa kwa jina lililoandikwa vingine, namba ya simu isiyo yao, au neno la siri lililobaki kwa mtu mwengine ni wengi mno, na hao ndio wanaoniuma. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili yao, na kwa wazazi wao pia.

Naomba TCU au naomba chuoni?

Unaomba chuoni moja kwa moja. Zamani kulikuwa na mfumo mmoja wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, lakini tangu mwaka 2017 kila mwombaji anaingia kwenye tovuti ya chuo anachokitaka, anafungua akaunti na kulipa ada ya maombi ya chuo hicho. Ukiomba vyuo vitatu, una akaunti tatu na malipo matatu.

TCU inabaki kuwa msimamizi. Inatangaza tarehe za kufungua na kufunga kila awamu, inahakiki sifa za waliochaguliwa, na inatoa kitabu cha mwongozo wa udahili ambacho kinapakuliwa bure kwenye tovuti yake. Vitabu ni viwili: kimoja cha waliomaliza kidato cha sita, na chengine cha wenye diploma. Hakikisha umefungua kilicho chako.

Mbona sisi Wazanzibari tunakwenda kwa Tume ya Muungano wakati skuli zetu ziko chini ya wizara yetu?

Kwa sababu elimu ya juu ni jambo la Muungano kwa mujibu wa Katiba ya 1977. Skuli za msingi na sekondari zinasimamiwa na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya Zanzibar, lakini ukivuka mlango wa chuo kikuu, sifa za kuingia ni zile zile Tunguu, Dodoma na Mbeya.

Matokeo yangu yanatosha?

Kiwango cha chini kwa aliyemaliza kidato cha sita ni prinsipo mbili (yaani ufaulu wa kuanzia A mpaka E) zenye jumla ya pointi 4 katika masomo mawili yanayohitajika na programu unayoomba. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. S ni nusu pointi, lakini haihesabiwi kuwa prinsipo.

Tuhesabu pamoja. Mwenye D mbili ana pointi 4, anaingia. Mwenye C na E naye ana 4, anaingia. Mwenye D moja na E mbili, ukijumlisha zote unapata 4 na roho inatulia, kumbe zinazohesabiwa ni mbili tu: D na E, pointi 3. Huyo hajafika. Kila mwaka naletewa karatasi ya namna hii na kijana aliyekwishapokea hongera za mtaa mzima, na hakuna kazi nzito kwangu kama kumwambia. Kwa hiyo hesabu mbili bora kwanza, ndipo ushangilie.

Jambo la pili ni masomo yenyewe. Ukiwa na B ya Historia na B ya Kiswahili, pointi unazo tele, lakini programu ikitaka Hisabati hazikusaidii. General Studies haimo kwenye hesabu kabisa. Udaktari wa binadamu unataka prinsipo tatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, na juu ya hapo una masharti yake ya alama kwa kila somo. Fungua kitabu cha mwongozo, tafuta programu yako, soma mstari wake neno kwa neno.

Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 walipimwa kwa madaraja tofauti (kulikuwa na B+), kwa hiyo wana kipengele chao kwenye mwongozo. Wasitumie hesabu hii ya juu.

Sina pointi 4. Ndiyo basi?

Si basi hata kidogo. Njia ya kwanza ni kusoma diploma. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume pale Mbweni, Chuo cha Utawala wa Umma Tunguu, Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere tawi la Bububu, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, wanazo. Ukimaliza na GPA (wastani wa alama) ya 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, unaomba shahada kama mwengine yeyote. Njia ya pili ni kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, nayo inadai GPA ya 3.0. Njia ya tatu ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mimi binafsi nampendelea mtu diploma. Anatoka na cheti kinachoweza kumpatia kazi hata kama safari ya shahada itachelewa, na akifika chuo kikuu anakuwa keshazoea kuandika ripoti na kukaa maabara.

Nina diploma. Kuna kitu cha ziada?

Kipo: namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, ambayo wengi wanaiita AVN. Unaiomba kwenye mfumo wa NACTVET, na bila hiyo vyuo vingi havitaiona GPA yako. Iombe mara tu chuo chako kitakapopeleka matokeo. Usingoje wiki ya mwisho, maana kama chuo kimechelewa kuyapeleka, wewe ndiye utakayekimbizana nacho.

Kwetu hapa kuna vyuo vikuu gani?

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kusomesha 2001. Makao yake ni Tunguu, lakini kozi zimetawanyika: afya Mbweni, utalii Maruhubi, kilimo Kizimbani, biashara Chwaka, na Pemba pia kina kampasi. Angalia kozi yako iko kampasi ipi kabla ya kutafuta chumba, kwani Chwaka na Maruhubi si jirani.

Chuo Kikuu cha Zanzibar, ZU, ni cha binafsi, nacho kipo Tunguu tangu 1998. Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait kipo Chukwani. Kilianza 1998 kama chuo cha elimu, na wazee wengi bado wanakiita Chukwani tu. Tangu 2023 ipo pia kampasi ya IIT Madras ya India huko Bweleo, yenye utaratibu wake wa kupokea wanafunzi, tofauti na huu ninaoueleza. Chuo Kikuu Huria kina vituo Unguja na Pemba kwa anayetaka kusoma huku anafanya kazi.

Na bara yote iko wazi kwako. Fomu haina sehemu ya kukuzuia kwa kuwa umetoka Micheweni.

Majina yangu hayafanani kwenye vyeti. Nifanye nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na lina sababu kwetu. Sisi tunaandika jina kama tunavyolisikia. Khamis wa cheti cha kuzaliwa anakuwa Hamis kwenye cheti cha kidato cha nne. Fatma anakuwa Fatuma. Saleh anakuwa Swaleh, Othman anakuwa Osman. Cheti kimoja kina jina la babu mwisho, chengine kina jina la ukoo. Halafu kuna Moh'd. Karani wa zamani alifupisha ili jina lienee kwenye mstari, na leo kijana ana Moh'd kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohammed kwenye matokeo na Mohamed kwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kwa macho ya bibi yake ni mtu mmoja. Kwa macho ya kompyuta ni watu watatu.

Jina linalotawala maombi ni lile la Baraza la Mitihani, kwa sababu ukiingiza namba yako ya mtihani mfumo unalivuta jina lako kutoka huko. Kwa hiyo nyaraka nyengine ndizo zifuate hilo. Kama tofauti ni ya herufi, nenda kwa wakili au mahakamani ukale kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na ukiambatanishe kiapo hicho kila mahali. Kama jina limebadilika kabisa, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kama kosa limo kwenye cheti cha kuzaliwa, lipeleke kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ofisi ya wilaya yako.

Anza mwezi wa Mei, ukimaliza tu mtihani. Wakati ule hakuna foleni, na una miezi miwili ya kungoja matokeo. Tandika vyeti vyote juu ya mkeka, soma jina herufi kwa herufi, halafu soma tarehe ya kuzaliwa nayo vivyo hivyo. Wazazi mnaosoma hapa, mfanyieni hivyo hata aliye darasa la saba.

Naweza kumpa mtu wa steshenari anijazie?

Akuonyeshe, ndiyo. Akuskanie vyeti, ndiyo. Lakini barua pepe iwe yako, namba ya simu iwe yako, neno la siri uliandike wewe mwenyewe kwenye daftari lako.

Mwaka mmoja alinijia msichana kutoka Kengeja. Alipanda gari ya asubuhi, bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani, na alipofika skuli alikuwa hajanywa hata chai. Amechaguliwa vyuo viwili na siku ile ndiyo ya mwisho kuthibitisha kimoja. Ujumbe wenye namba ya siri ya kuthibitisha ulikuwa umekwenda kwenye simu ya kijana wa duka aliyemjazia fomu, na kijana yule alikuwa amesafiri kwenda Unguja, simu haipatikani. Barua pepe iliyotumika ni moja aliyoifungua kwa ajili ya wateja wake wote. Neno la siri halijui mtu.

Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, tukapiga simu chuoni mara nne mpaka tukampata ofisa udahili. Ofisa yule alimuuliza binti namba ya mtihani, mwaka aliomaliza, jina kamili la mzazi, masomo aliyofanya. Binti akajibu yote huku mkono unatetemeka. Namba ya simu ikabadilishwa, na baada ya sala ya Alasiri ujumbe ukaingia kwenye kisimu chake kidogo cha vitufe. Alithibitisha pale pale. Leo yuko kazini, na mimi kila nikimwona kijana anaiandika namba ya dukani kwenye fomu namkumbuka yule, namshika mkono na kumwambia futa.

Kama huna simu, tumia ya mama au kaka anayelala nyumba moja na wewe, na laini isizimwe mpaka umefika chuoni.

Nichague kozi ngapi, na kwa mpangilio gani?

Idadi inategemea mfumo wa chuo. Jaza nafasi zote ulizopewa. Ya kwanza iwe ile unayoipenda kwa dhati na una sifa zake. Za kati ziwe unazoweza kuishi nazo. Ya mwisho iwe yenye nafasi nyingi. Kitabu cha mwongozo kinaonyesha kila programu inachukua wanafunzi wangapi, na watu hawaisomi safu hiyo. Programu yenye nafasi chache haimchukui mwenye kiwango cha chini, inachukua walio juu ya foleni. Sifa za kuomba si sawa na uhakika wa kupata.

Usijaze nafasi kwa kozi usiyoitaka kabisa ukidhani hutapangiwa. Unapangiwa. Kuhama kozi au chuo kunaruhusiwa, lakini kuna dirisha lake, masharti yake, na nafasi lazima iwepo huko unakokwenda.

Nimechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja. Inakuwaje?

Hongera, lakini kazi haijaisha. Aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja ndani ya siku zilizotangazwa, kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Ujumbe usipofika, ingia kwenye akaunti yako ya chuo unachokitaka uombe utumiwe upya. Usipothibitisha popote, unaweza kupoteza vyote.

Ukikosa awamu ya kwanza, omba ya pili. Programu zilizobaki zinatangazwa.

Nani ananipa mkopo, bodi ya bara au ya Zanzibar?

Mzanzibari ana milango miwili. Mmoja ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, inayohudumia Tanzania nzima. Wa pili ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, ZHELB, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011 kwa ajili ya Wazanzibari. Kila moja ina fomu yake na tarehe zake. Mwanafunzi mmoja hapokei kwa bodi mbili kwa pamoja.

Kosa kubwa ni kusubiri majibu ya chuo ndipo uombe mkopo. Dirisha la HESLB mara nyingi hufunguliwa kabla hata matokeo hayajatoka. Ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000, na hairejeshwi. Namba ya mtihani wa kidato cha nne unayoiombea mkopo iwe ile ile uliyoiombea chuo. Ukiwa ulifanya mtihani ule mara mbili ukachanganya namba, mfumo hautajua kuwa ni wewe.

Mkopo unagusa chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Si kila mtu anapata kila kipengele, wala kwa asilimia sawa. Bodi inaangalia hali ya familia, kwa hiyo ushahidi ni muhimu. Yatima aambatanishe cheti cha kifo cha mzazi. Mwenye ulemavu, au mtoto wa mzazi mwenye ulemavu, aambatanishe fomu iliyosainiwa na daktari wa serikali. Nimeshuhudia mtoto asiye na baba akiona haya kuandika hivyo, akaonekana kwenye mfumo kama mwenye wazazi wawili. Mwanangu, hilo si la kuona haya. Andika.

HESLB pia inaangalia umri, usizidi miaka 35, na mwaka uliohitimu, usiwe umepita zaidi ya mitano.

Waliofaulu sana masomo ya sayansi waulizie ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023. Huo si mkopo, haurejeshwi.

Sheha anahusika vipi?

Fomu ya mkopo inataka saini na muhuri wa serikali ya mtaa, na kwetu huyo ni sheha wa shehia unayoishi. Inataka pia saini ya mdhamini na ya kamishna wa viapo au hakimu. Cheti cha kuzaliwa cha Zanzibar kinahakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. RITA, wakala wa usajili wa bara, ni ya waliozaliwa huko. Aliyezaliwa Tanga akalelewa Wete anakwenda RITA, hata kama hajawahi kurudi Tanga tangu akiwa mchanga.

Kwa sheha nenda mapema, na fomu iwe imeshajazwa. Ijumaa mchana usimtafute mtu.

Baba anasema tusubiri karafuu ziuzwe. Ni sawa?

Namwelewa, na nimelelewa na karafuu hizo hizo. Lakini maombi yanafungwa kabla wengi hawajapata hata pishi la kwanza juani, seuze kufika kwenye mizani ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Fedha ya kuomba ni ndogo, ada ndiyo kubwa, na ada haidaiwi siku ya kuomba. Vyuo vingi vinapokea ada kwa awamu. Kwa hiyo mwambie baba kwa heshima: ombi sasa, karafuu zilipe usajili.

Mtoto wetu ni wa kike na amepangiwa bara. Atakaa wapi?

Aombe dakhalia siku ile ile anayopata barua ya udahili, kwani vyumba vya chuoni ni vichache na mwaka wa kwanza mara nyingi hupewa kipaumbele. Ulizeni jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu na wanafunzi wenzake waliotoka Zanzibar. Karibu kila chuo kikubwa wapo, na wao ndio wanaojua mtaa gani una maji na gari za usiku. Mzee wangu, kama unaweza, msindikize safari ya kwanza. Ukishauona mlango wa chumba chake utalala vizuri.

Nilisoma sekondari Mombasa au Oman. Vyeti vyangu vinakubalika?

Vinakubalika baada ya kulinganishwa. Vyeti vya sekondari vya nje vinapelekwa Baraza la Mitihani la Tanzania, nalo linakupa barua ya ulinganifu. Diploma au shahada ya nje inapelekwa TCU au NACTVET. Cheti kilichoandikwa Kiarabu kinahitaji tafsiri rasmi.

Kuna wakala ananiahidi chuo Uturuki au India. Nimwamini?

Muulize kama amesajiliwa na TCU, kisha uhakikishe mwenyewe TCU. Angalia pia kama chuo anachokupeleka kinatambulika, maana ukirudi na shahada utaipeleka Tume itambuliwe kabla ya kuajiriwa. Usimpe cheti halisi. Kopi inatosha.

Siku ya kuripoti nichukue nini?

Barua ya udahili, vyeti halisi vya kidato cha nne na cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha sita yaliyochapishwa kama cheti bado hakijatoka, fomu ya afya yenye muhuri wa hospitali, picha za pasipoti, stakabadhi za malipo, na kopi tatu za kila kitu. Unayetoka Pemba, vyeti usivitie kwenye begi linalowekwa na mizigo ya watu chini ya meli. Vitie ndani ya mfuko wa nailoni, uufunge, ukae nao mapajani kutoka Mkoani mpaka Malindi, kwani msimu ule mvua za vuli zinaweza kuwa zimeanza na gatini hakuna pa kujikinga.